Malalamiko Dhidi ya Karatasi Iliyobandikwa Kando ya Birika

Kumb. Na. KMV/61/9

Kwa Mkurugenzi wa Hospitali,
Ghorofa ya Pili, mlango wenye zulia.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: FUNDI WA MEZA YA TATU KUMALIZA KAZI AMBAYO KAMATI BADO INAIFANYA

Kichwa cha barua hii kimekwisha kukueleza nusu ya uchungu wangu. Nusu nyingine ni hii ifuatayo, na naomba uisome ukiwa umekaa.

Mimi ni Katibu wa Kamati ya Muundo wa Vipande, kamati uliyoiunda wewe mwenyewe miaka mitano iliyopita, wiki ile vilipoletwa visanduku kumi na viwili vya joto kwa ajili ya watoto njiti, vikiwa na kila kitu isipokuwa akili. Huenda umesahau kwamba tupo. Hatukulaumu. Chumba chetu kiko mwisho wa korido, baada ya stoo ya mashuka, na feni yetu imeharibika kwa namna ambayo mtu akipita nje hudhani mle ndani kuna mtu anachekecha kokoto.

Kwa faida ya kumbukumbu, na kwa kuwa wasaidizi wako huwa wanasinzia nikifika hapa, nitaieleza kazi yetu kwa ufupi. Kisanduku cha joto kinaendeshwa na chipu moja ndogo kuliko ukucha. Chipu hiyo haiwezi kujiandikia programu yake yenyewe. Haina kioo, haina vitufe, haina nafasi. Programu huandikwa kwenye kompyuta kubwa za ofisini, ambazo ni za ukoo mwingine kabisa, kisha huchomwa ndani ya chipu, yaani huingizwa humo na kuganda. Ni kama fundi cherehani anayemshonea mtu ambaye hajawahi kumwona, kwa vipimo tu. Na nguo yenyewe haikatwi na mtu mmoja. Idara ya Joto inakata mikono, Idara ya King'ora inakata kola, Idara ya Kioo inakata kiwiliwili. Kila kipande kinawekwa kwenye faili lake, na juu yake zinapigwa alama za chaki: hapa patashonwa na kola, hapa pataingia kifungo, na kifungo chenyewe mimi sinacho, muulizeni mwenzangu. Kamati yetu ilipewa jukumu la kukubaliana alama hizo za chaki ziweje, ili vipande vya idara tatu vikikutana viungane. Hilo tu.

Hilo tu, kwa miaka mitano, vikao sitini na kimoja, wenyeviti watatu na rasimu tisa, ya mwisho ikiwa na kurasa mia nne na kumi na mbili bila viambatisho. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Tulikuwa tumeanza kuuona mkwaruzo wa kwanza kwenye jiwe, Ndugu Mkurugenzi, pale huyu mama wa meza ya tatu alipolibeba jiwe lenyewe akaenda nalo.

Ninayemlalamikia ni fundi wa meza ya tatu katika karakana yetu, yule anayechoma chipu, ambaye wenzake wanamwita Bi Kibano kwa sababu kibano hakimtoki mkononi hata akinywa chai. Si mjumbe wa kamati. Hajawahi kualikwa hata kutuletea maji. Makosa yake nayaorodhesha hapa chini, nikianzia lililo dogo.

1. Ameandika muundo mzima kwenye ukurasa mmoja. Ukurasa wenyewe ni upande wa nyuma wa fomu ya likizo, na ameubandika kwa plasta ya vidonda ukutani kando ya birika la karakana, mahali ambapo kila anayesubiri maji yachemke hana budi kuusoma. Nimeihesabu mistari yake: kumi na minne. Hauna utangulizi. Hauna shukrani. Neno "kipande", ambalo sisi tulilitafutia fasili kwa mwaka mmoja na nusu hadi mjumbe mmoja akapata vidonda vya tumbo, yeye hakulieleza kabisa. Ameandika "vipande" kana kwamba kila mtu anajua. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kila mtu anajua. Vijana wa Idara ya Kioo, ambao rasimu zetu waliziwekea vikombe juu, mistari yote kumi na minne wameishika kichwani na wanaitaja huku wakikoroga sukari.

2. Kila faili, ili lijulikane kuwa ni letu na si picha za harusi ya mtu, linatakiwa lianze na herufi nne za utambulisho. Kamati iliunda kamati ndogo ya herufi nne. Kamati ndogo ilikaa miezi saba. Tulipokea mapendekezo ya herufi za mwanzo za majina ya wajumbe, za jina la hospitali, na za jina la marehemu mama yake Mwenyekiti wa pili. Tulifikia herufi mbili, na moja kati ya hizo ina pingamizi hadi leo.

Bi Kibano ameweka MIMI. Nilimtuma karani akamuulize maana yake, akajibiwa kwamba mtu akibisha hodi ukamuuliza nani, hujibu mimi, na mlango unafunguliwa. Nauliza kwa heshima zote: mimi nani? Mimi wa wapi? Kwa kibali cha nani? Mlango unaofunguliwa kwa neno "mimi" si mlango wa ofisi. Ni mlango wa jikoni kwa dada yake mtu.

3. Namba ikiwa kubwa haiingii kwenye chumba kimoja cha kumbukumbu ya chipu. Inabidi ikatwe mara mbili, kichwa na mkia, na kuwekwa kwenye vyumba viwili jirani. Swali ni kipi kitangulie. Swali hili ndilo lililoigawa kamati tangu kikao cha nne. Kuna wajumbe wa Kichwa Kwanza, wanaokaa upande wa dirisha, na wajumbe wa Mkia Kwanza, wanaokaa upande wa kabati. Hawachangii birika. Mmoja wa Kichwa Kwanza alimkataza binti yake asiolewe na mtoto wa Mkia Kwanza, na ingawa baadaye ilibainika kwamba kijana alikuwa na matatizo yake mengine, msimamo ule uliandikwa kwenye muhtasari kwa sifa. Mimi kama Katibu sina upande, ingawa nakaa karibu na dirisha kwa ajili ya upepo.

Sasa Bi Kibano amefanya nini? Amefungua kijitabu kinachokuja na chipu, akatazama ukurasa wa saba, akakuta kwamba chipu yenyewe husoma mkia kwanza, akaandika mstari mmoja: "Mkia kwanza, ndivyo ilivyozaliwa." Yaani amekwenda kuiuliza chipu! Ndugu Mkurugenzi, chipu si mjumbe. Haina kiti, haina kura, haijahudhuria kikao hata kimoja. Kijitabu hicho hata sisi tulikuwa nacho, kwenye droo ya juu, ndani ya mfuko wake wa nailoni ambao haujafunguliwa, kwa sababu tulihofia kwamba kukisoma kungeonekana ni kupendelea upande.

4. Hili limevunja heshima za watu wazima. Nimekwisha kusema kwamba kila kipande huita vitu kwa majina hata kama chenyewe hakinavyo, kwa imani kwamba mwenzake anavyo. Rasimu yetu ya tisa ina sura nzima juu ya jina lisilojulikana, na inatambua aina nane za kutojulikana: lisilojulikana kwa muda, lisilojulikana kwa makusudi, lililojulikana zamani, na kadhalika, kila aina na fomu yake ya rangi. Programu ya kuunganisha vipande aliyoiandika Bi Kibano kwa wiki mbili, katikati ya kazi zake nyingine, inajua aina moja tu. Ikikutana na jina lisilo na mwenyewe inasimama na kuandika kwenye kioo cha kompyuta: HUYU SIMJUI. MUULIZE ALIYEMWITA.

Asubuhi ya kwanza ilipowashwa iliandika hivyo hivyo. Ikaonekana kwamba Idara ya Joto, joto likizidi, ilikuwa inaita kitu inachokijua kwa jina la "king'ora". Idara ya King'ora yenyewe, kwa sababu zake, kitu hicho hicho imekiita "kengele" tangu mwaka wa kwanza. Miaka mitano wakuu wa idara hizi mbili wamekaa meza moja, bega kwa bega, wakijadili majina yaandikweje, yawe na urefu gani, na kama yaanze na herufi kubwa. Hakuna aliyemgeukia mwenzake akamuuliza, ndugu yangu, wewe unakiitaje? Programu iliwaumbua mbele ya mama anayepiga deki. Mama akaegemea fagio lake akasema, "Kumbe ni hilo tu?" Maneno hayo matatu na nusu yameenea hospitali nzima. Mkuu wa Idara ya Joto hajaonekana kantini tangu siku ile. Mke wake anamfungia chakula.

5. Kwa kuienzi kazi iliyofanyika, kamati ilipitisha kwa kauli moja (kikao cha arobaini na tatu, Mkia Kwanza wakiwa wametoka nje kwa hasira) kwamba kichwa cha kila faili, chenye majina na vyeo vya wajumbe wote, kisiachwe ofisini bali kisafiri pamoja na programu hadi ndani ya chipu. Ni kweli kwamba kichwa hicho, kilipopimwa, kilikuwa kikubwa mara tatu kuliko chipu. Hiyo ni kasoro ya chipu, na tulimwandikia aliyeitengeneza. Tulitenga pia nafasi sitini na nne za akiba kwa matumizi ya baadaye ambayo bado hatuyajui, tukagawana, na mjumbe mmoja amekwisha kuandika kwenye wosia kwamba nafasi zake mbili zimwendee mwanawe mkubwa.

Bi Kibano, anapochoma chipu, hufuta alama zote na kuacha programu tupu. Tulimwita ajieleze. Alikuja na kibano chake, akasimama mlangoni, akasema: "Wazee wangu, chaki haivaliwi. Nguo ikishashonwa inapigwa brashi." Kisha akauliza kama tumemalizana naye, kwa kuwa ameacha chuma cha kulehemu kikiwa cha moto mezani. Kamati iliahirisha kikao kwa dakika nne. Nimeziandika kwenye muhtasari.

6. Nakuja sasa kwenye uporaji wa mali za kamati. Kwa miaka mitano visanduku kumi na viwili vilisimama kwenye korido ya wodi ya wazazi, vimefunikwa mashuka, vikisubiri programu. Kwa kuwa kisanduku namba nne kina mfuniko mzuri wa kioo usiopitisha vumbi wala mende, kamati ilikitumia kuhifadhi rasimu ya tatu hadi ya saba. Zililala humo vizuri, zimepangwa kwa tarehe. Mwezi uliopita Bi Kibano alizitoa. Alisema anakihitaji kisanduku. Rasimu nne alizipeleka stoo, na ile ya tano, yenye jalada gumu, akaisukuma chini ya mguu wa nyuma wa kisanduku hicho hicho, kwa sababu sakafu ya wodi imeinama na kisanduku kilikuwa kinayumba. Kazi ya miezi kumi na minne ya watu tisa wenye shahada imefanywa kabari.

Leo visanduku tisa vinafanya kazi. Nasema kwa masikitiko: vinafanya kazi. Joto likishuka vinajua, likipanda vinalia. Kabla ya hapo watoto walipashwa joto kwa chupa za maji ya moto zilizoviringishwa vitambaa, na kwa vifua vya mama zao, na sikumbuki kupokea kutoka kwao lalamiko lolote la maandishi. Wapo ambao hawakuweza kusubiri. Hao nao hawakuandika.

Muuguzi Mkuu wa wodi, yeye ndiye ameandika. Ametuma barua ya shukrani kwa Bi Kibano, haikupitia kwetu hata kwa nakala, na mwisho wake ameongeza kwa mkono wake mwenyewe: "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako." Sikupenda kule kutupiga kijembe. Methali ziko nyingi. Ipo pia haraka haraka haina baraka, na hiyo ndiyo tuliyoibandika kwenye mlango wetu.

7. Kutokana na hayo, kamati katika kikao chake cha sitini na moja imeniagiza nikuombe: karatasi ile ibanduliwe na kupelekwa masijala ikapewe namba, visanduku vyote tisa vizimwe, na chipu zake zing'olewe na kutiwa kwenye bahasha, rasimu ya tano irudishwe ndani ya kisanduku namba nne ikapumzike na wenzake, na hali ibaki hivyo mpaka rasimu ya kumi itakapopitishwa. Kwa mwendo wa sasa, kama hatutaharakishwa, tunaona miaka mitatu.

Najua watakuwapo watakaouliza: na watoto waliomo? Swali hilo lililetwa na Muuguzi Mkuu, na tulilijadili kwa uzito wake. Tulizisoma upya hadidu za rejea zetu, ukurasa kwa ukurasa. Watoto hawamo. Zimetajwa chipu, yametajwa mafaili, wametajwa hata wajumbe waalikwa na vitafunio vyao. Mtoto hakutajwa popote. Tunaomba pia ieleweke kwamba hao ni watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Kamati inalaumiwa kwa kuchelewa, lakini ukiitazama hesabu kwa haki, si sisi tuliochelewa, ni wao waliowahi. Mtu hawezi kufika ofisini kabla haijafunguliwa kisha akalalamika kwamba amekuta mlango umefungwa. Katika ukoo wetu hatuna tabia hiyo. Mimi mwenyewe nilizaliwa nimechelewa siku kumi na moja, na marehemu mama alikuwa akisema nilitoka nikitazama huku na huku, natafuta ajenda.

Na tutazame mbele. Mtoto huyu wa leo, akipashwa joto na programu iliyounganishwa kwa muundo usiopitishwa, kesho atakuwa mtu mzima. Atasoma, ataomba kazi, huenda akawa mjumbe wa kamati. Siku moja ataulizwa, wewe ulilelewa kwa toleo gani? Atajibu nini? Atasema alilelewa kwa karatasi iliyobandikwa kwa plasta ya vidonda? Sisi wazazi tunapaswa kuwatafutia watoto msingi ulio na sahihi. Afadhali baridi ya siku chache kuliko aibu ya maisha.

8. Kosa la mwisho sikuagizwa na kamati kuliandika. Ni langu mwenyewe. Bi Kibano ananiamkia. Kila asubuhi, tukikutana mlangoni mwa karakana, ananipa shikamoo yangu kamili, ananiuliza hali ya mke wangu, anamuulizia binti yangu. Hana kinyongo hata chembe. Nimemtafuta kinyongo usoni kwa wiki tatu sijakiona. Ningejua la kufanya na mtu anayenichukia. Mtu anayekuharibia kazi ya miaka mitano kisha akakuuliza kama kikohozi kimepungua, huyo umfanyeje?

Nitakwambia ukweli wa moyoni, Ndugu Mkurugenzi, kwa kuwa barua imeshakuwa ndefu na hakuna mwingine atakayefika hapa. Inaniuma. Kikao cha mwisho tulikuwa watu watatu, na mmoja alikuwa amekuja kuchukua mwavuli wake. Nasikia chumba chetu kinatakiwa na watu wa mashuka. Nimebakiza miezi kumi na minne nistaafu, na nilitarajia kuacha nyuma yangu kitu kimoja ambacho mtu angekionyesha kidole na kusema, hiki kina msaada, na yule mzee wa kule mwisho wa korido alikuwamo. Sasa wanaonyesha ukuta ulio kando ya birika.

Naomba unisalimie mama watoto wako, na dereva wako aliyenipa lifti siku ile ya mvua, na yule dada wa mapokezi anayenipa pole kila nikipanda ngazi. Wajumbe wa Kichwa Kwanza wanakusalimu, na wa Mkia Kwanza, kwa salamu yao tofauti, wanakusalimu. Mke wangu anakusalimu sana. Binti yetu, yule aliyefanya mafunzo ya maabara hapa kwako, anakusalimu pia. Ana ujauzito wa miezi saba, miguu imemvimba kidogo lakini anakula vizuri. Mgeni wetu tunamtarajia mwezi wa kumi na moja, kwa tarehe iliyopangwa.

Nabaki, wako katika utaratibu,

Katibu,
Kamati ya Muundo wa Vipande

Nakala: Masijala. Mwenyekiti wa tatu (ambaye bado anasoma rasimu ya kwanza). Bi Kibano, kwa taarifa tu, na namwomba asiibandike.

Nyongeza, siku sita baadaye:

Barua hii ilikaa kwenye trei ikisubiri muhuri, kwa sababu wino wa muhuri umeisha na ombi la wino liko kwa Mwenyekiti. Katika kusubiri huko, Jumanne asubuhi, binti yangu alishikwa na uchungu akiwa anaanika nguo. Mjukuu wangu amezaliwa saa nne, wiki tisa kabla ya tarehe. Ni wa kiume. Ana kilo moja na nusu kasoro, na kiganja chake chote ni sawa na kifungo cha koti langu. Yumo kwenye kisanduku namba nne.

Nilipofika wodini nilikuta mlango umefungwa. Nikabisha. Muuguzi akauliza kwa ndani, nani? Nilikuwa na kitambulisho mfukoni, na cheo, na namba ya kumbukumbu. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mimi." Akafungua.

Nilisimama kwenye kioo tangu saa tano mpaka alasiri. Mara moja joto lilishuka, kisanduku kikalia, muuguzi akaja mbio akasukuma waya uliokuwa umelegea, kikanyamaza, na namba ikapanda taratibu mpaka inapotakiwa. Sijawahi kusoma kitu kwa makini namna ile, na mimi nimezisoma rasimu zote tisa. Kama kingelia king'ora au kengele, kwangu ilikuwa sawa. Baadaye Bi Kibano alipita kukagua. Akaniamkia, akanipa hongera ya mjukuu, akapangusa kioo kwa mkono wa koti lake ili nione vizuri, akaenda zake. Nilimwitikia tu.

Kwa hiyo naomba ombi la kifungu cha saba lisitekelezwe kwa kisanduku namba nne. Ni hicho tu. Vingine vinane vizimwe kama kamati ilivyoamua, isipokuwa namba tano, ambamo kuna msichana ambaye mama yake anachangia chupa ya chai na binti yangu, na itakuwa vigumu kumweleza. Namba tatu nayo iachwe, kwa kuwa waya wake umepita nyuma ya namba nne na sitaki mtu aguse pale. Baba wa aliyemo namba sita ni mjumbe wa Mkia Kwanza. Nilimkuta ameegemea ukuta analia, nikampa leso yangu, tukakaa benchi moja. Kwa ufupi vibaki vyote tisa kama vilivyo, na vile vitatu ambavyo bado, Bi Kibano apewe chochote anachotaka avimalize haraka. Ndiyo, Ndugu Mkurugenzi, nimeandika "haraka".

Ningeichana barua hii niandike nyingine, lakini masijala wamekwisha kuipa namba, na barua ikishapewa namba haina budi kufika.

Jambo la mwisho. Rasimu ya tano isiondolewe ilipo. Niliinama nikakitikisa kisanduku kwa mkono wangu mwenyewe, mguu baada ya mguu, kimetulia, hakichezi. Naomba pia uidhinishe kuchapwa nakala moja ya rasimu ya tisa, kurasa zote mia nne na kumi na mbili, kwa jalada gumu. Kisanduku namba saba nacho kinayumba.